Hodi ngapi zatosha? Mwongozo wa kumfuata mwenye nyumba au shamba Lamu bila kumkera

Mwaka wa pili wa udalali wangu nilimfuata mzee mmoja wa Langoni mara tano ndani ya mwezi mmoja. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, ya mawe ya matumbawe, boriti za mkoko bado ngumu, zidaka za ukutani hazijaguswa, na mnunuzi wangu alikuwa na fedha tayari. Siku ya kwanza nilipewa kahawa. Ya pili niliambiwa, "Inshallah, tutaona." Ya tatu kahawa haikuja. Siku ya tano mlango ulifunguliwa na mjukuu wake wa miaka sita hivi, akanitazama usoni akasema, "Babu asema hayuko," huku nikikisikia kikohozi cha mzee kutoka juu ya ngazi.

Baada ya wiki mbili mwanawe alinipigia kutoka Mombasa. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba baba yake ameacha kukaa barazani kwake alasiri. Anakwenda kukaa msikitini mpaka magharibi ili nisimkute.

Mtu mzima kuikimbia baraza yake kwa sababu yangu! Tangu siku hiyo nilibadilisha namna ninavyofanya kazi, na haya ndiyo ninayowafundisha vijana wanaoanza. Yanamfaa pia mtu anayetaka kununua mwenyewe bila dalali.

Sote tumelelewa kwamba hodi ni tatu. Ukibisha mara tatu usiitikiwe, unageuka unakwenda zako, na ukiambiwa rudi, unarudi bila kununa. Adabu hii ya mlangoni ndiyo ninayoitumia kwenye biashara, ila kwa nyongeza moja. Uuzaji wa nyumba huchukua miezi, mara nyingine miaka, kwa hiyo hesabu ya hodi tatu ni kwa jambo lisilojibiwa. Mwenye mali akikujibu na kukupa muda, hesabu inaanza upya, na kurudi kwako si usumbufu tena, ni kutimiza ahadi. Ukirudi na swali lile lile ambalo hakulijibu, hapo unamsumbua, hata kama ni mara ya pili tu.

Hatua ya kwanza: ijue mali kabla hujambishia hodi mwenyewe

Dalali wengi humchosha mwenye mali kwa kumuuliza mambo ambayo wangeyapata kwingine. Ukiwa na nambari ya kiwanja, omba upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi. Utaona jina lililoandikishwa, na kama kuna rehani au zuio. Kama hakuna hati, usishangae wala usimshuku mtu. Huku mwambao, ndani ya ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini, uandikishaji wa madai ya ardhi ulianza kwa sheria ya mwaka 1908, na wako wengi ambao wazee wao hawakuandikisha.

Uliza pia, kwa upole na kwa watu wanaojua, kama nyumba ni wakfu. Wakfu hauuzwi, hautolewi zawadi, haurithiwi. Ukimwendea msimamizi wa wakfu na maneno ya bei umemvunjia heshima kwa jambo lisilowezekana. Kama mwenye nyumba ni marehemu, jua kwamba mali haiuzwi mpaka mirathi ipite mahakamani, na kwa Waislamu ni kwa Kadhi. Mrithi mmoja anayekwambia "nitakuuzia mimi" kabla ya hapo anakutia matatani pamoja naye.

Kwa mashamba ya bara, upande wa Mokowe, Hindi na Mpeketoni, ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kuandikwa. Na kama mnunuzi wako ni mgeni asiye raia, Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 humpa upangaji usiozidi miaka 99, hapewi umiliki wa milele. Mwambie mwenye mali jambo hili siku ya kwanza. Nimeona mazungumzo ya miezi minane yakivunjika siku ya mwisho kwa sababu familia haikuambiwa mnunuzi ni nani.

Mwisho, jiangalie mwenyewe. Sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na bodi ya mawakala hao. Kama hujasajiliwa, fanya kazi chini ya aliyesajiliwa, na useme hivyo.

Hatua ya pili: elewa ni kwa nini anakuogopa

Tangu mji wa kale uingie katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na tangu mradi wa bandari ya LAPSSET uzinduliwe mwezi wa Machi 2012, watu wa Lamu wamebishiwa milango sana. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za ekari kama 500,000 zilizokuwa zimegawiwa makampuni katika kaunti hii. Kwa hiyo mzee wa Hindi akikuona umeshika karatasi na simu, hamuoni kijana mwenye mteja. Anamuona mtu wa kumi aliyekuja kwa maneno matamu.

Ndiyo sababu jambo moja nalikataza kabisa: kumtisha mtu. "Uza sasa, serikali itachukua." "Bei itaanguka." "Jirani yako keshauza, utabaki peke yako." Maneno haya ni mabaya kuliko kupiga simu mara ishirini. Mzee akiuza kwa hofu, wanawe watakujia kesho, na watakuwa na haki.

Hatua ya tatu: tafuta mshenga

Hatumwendei binti wa watu moja kwa moja, twatuma mshenga. Nyumba ya urithi ni hivyo hivyo. Tafuta mtu anayeaminiwa na familia: maalim wa madrasa, mjomba, jirani wa zamani. Muulize swali moja tu: "Je, wataudhika nikiwaendea kwa jambo la nyumba yao?" Ukiambiwa wataudhika, umeokoa safari na heshima yako.

Mwenye nyumba akiwa mwanamke, na hasa mjane, mimi huenda na shangazi yangu. Yeye huingia ndani, mimi husubiri dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Siku nyingine shangazi hutoka na kuniambia, "Leo si siku, twende," nasi huondoka bila jambo kutajwa. Mara zote alizoniambia hivyo nilimtii, na sijajuta.

Jambo hili usilitaje barazani mbele za watu. Lamu mtu akiulizwa bei ya nyumba yake hadharani, kabla ya isha mji mzima utakuwa umesema anauza nyumba ya babu yake. Hata kama alikuwa anafikiria kuuza, itambidi akatae kwa sauti ili alinde jina lake. Yaani umejifungia mlango mwenyewe.

Hatua ya nne: neno la kwanza liwe fupi na liwe na njia ya kukataa

Kama huwezi kukutana naye, andika barua. Barua haimlazimishi mtu kujibu huku umemkazia macho, na ataisoma na wanawe usiku. Yangu huwa hivi:

"Assalamu alaykum, Mzee wetu. Naitwa fulani, mwana wa fulani wa Mkomani, nafanya kazi ya udalali. Nina mtu anayetafuta nyumba ya kuishi na familia yake, si ya kugeuza hoteli. Nimeona niulize kama siku moja mtafikiria kuuza au kupangisha. Kama hamna nia, hakuna ubaya wowote, wala hamna haja ya kujibu. Kama mna nia, au mna swali lolote, nambari yangu ni hii. Sitakuja nyumbani bila kuitwa."

Tazama mambo mawili. Nimejitambulisha kwa ukoo, kwa sababu swali la kwanza atakalouliza ni "Mwana wa nani huyu?" Na nimempa ruhusa ya kunyamaza. Mtu aliyepewa njia ya kutoka hujibu kwa wepesi zaidi kuliko aliyebanwa pembeni. Bei usiitaje katika barua ya kwanza. Na kama mnunuzi wako anataka hoteli, usiandike kwamba hataki.

Hatua ya tano: lisikilize jibu lilivyo

Hapa ndipo kazi yote ilipo, nami nitakaa hapa kidogo.

"Siuzi" ni siuzi. Usiulize kwa nini. Una ruhusa ya swali moja: "Nikija kukujulia hali siku za Idd, itakuwa vibaya?" Akisema karibu, unakwenda kumjulia hali kweli, wala hutaji nyumba. Akisema hapana haja, mwamkie njiani kama watu wengine, yaishe.

"Inshallah" inataka sikio. Sikiliza kinachofuata. "Inshallah, nirudie baada ya mwezi wa Ramadhani" ni ahadi, rudi. Lakini akisema "Inshallah, Mungu akipenda," kisha akageuza mazungumzo kuwa ya kusi na bei ya samaki, amekukatalia. Watu wetu hawapendi kumnyima mgeni uso kwa uso, kwa hiyo hukufunikia "la" kwa kitambaa cha adabu. Mzee wangu wa Langoni alinikatalia siku ya pili. Mimi ndiye niliyejifanya sikusikia.

"Wenzio wanatoa ngapi?" Wengi huruka kwa furaha wakisikia hivi. Tulia. Kuuliza bei si kukubali. Huenda anataka kujua thamani ili agawe mirathi, au amkopeshe mwanawe. Mjibu ukweli unaoujua, kisha nyamaza. Asipoendelea yeye, usiendelee wewe.

"Nizungumze na ndugu zangu." Hili ni jibu la kweli mara nyingi, maana nyumba za hapa ni za warithi wengi. Uliza lini ni vyema kurudi, na usizunguke nyuma yake kuwatafuta ndugu hao mmoja mmoja. Ukifanya hivyo utawagombanisha, na nyumba haitauzwa kwa yeyote.

"Zungumza na mwanangu." Basi kuanzia siku hiyo unazungumza na mwanawe. Ukimrudia mama kwa sababu mwana ni mgumu, umewatia fitina.

Kisha kuna kimya. Simu mbili zisizopokelewa, siku tofauti, zatosha. Tuma ujumbe mmoja mfupi, basi. Zile alama mbili za buluu za WhatsApp zinaonyesha tu kwamba amesoma. Hazikuiti. Ukifungiwa nambari, usipige kwa nambari nyingine hata siku moja. Na kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupinga maelezo yake kutumiwa kibiashara. Akikuuliza "Nambari yangu umeipata wapi?" mjibu ukweli, na akisema ifute, ifute kwenye simu na kwenye daftari.

Hatua ya sita: daftari na muda

Usitegemee kichwa. Andika tarehe, maneno yake kama alivyoyasema, na ulichoahidi. Hivi ndivyo ukurasa wangu mmoja unavyosomeka (Mfungo Mosi ni mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani): "9 Februari. Mama asema, 'Binti yangu wa Jeddah aja Mfungo Mosi, nitamuuliza.' Nimesema nitarudi mwisho wa mwezi huo. Simu nisipige kabla." Sentensi ya mwisho naiandika kwa sababu najijua. Mnunuzi akinibana, mkono hutaka kwenda kwenye simu.

Kwa asiyejibu, muda wangu ni huu: neno la kwanza, kisha wiki tatu, neno la pili, kisha miezi miwili, neno la tatu. Baada ya hapo naandika neno la kuaga tu, kisha nanyamaza. Kwa aliyenipa muda, narudi muda huo, nikimwachia siku chache za ziada. Sirudi mapema hata kwa siku moja.

Na kila unaporudi, uwe na jambo jipya mkononi. Si lazima liwe kubwa. Umepata jibu la swali lake kuhusu ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Au umemweleza kwamba kodi ya faida ya mauzo ni juu ya muuzaji, na imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, ajue atabaki na nini. Au umemletea jina la wakili asiyefanya kazi nawe, ili apate ushauri wake mwenyewe. Kama huna jambo jipya, huna safari. "Nilikuwa napita tu" kila mtu anaijua maana yake.

Hatua ya saba: nyakati za kunyamaza

Mjane aliye edani ana miezi minne na siku kumi. Usimtajie nyumba, usimtume mtu, usimwandikie. Eda ikiisha, usiende kesho yake. Kwenye hitima unakwenda kumuombea marehemu tu. Nimemwona dalali akimvuta mtoto wa marehemu pembeni siku ya mazishi, na jina lake halijapona mpaka leo.

Mchana wa Ramadhani uache. Mwisho wa Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, mji unapojaa wageni wa Maulidi ya Riyadha, kila nyumba ina watu wa kulisha. Ijumaa mchana vivyo hivyo. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, na uondoke kabla hajaanza kuitazama saa ya magharibi. Mwenye shamba usimwendee wakati wa kuvuna ufuta au korosho, labda awe amekuita.

Hatua ya nane: mnunuzi ndiye wa kuzuiwa

Nikiutazama ule mwezi wa Langoni, naona mzee sikumsumbua kwa tamaa yangu peke yake. Nilikuwa na mnunuzi Nairobi aliyenitumia ujumbe kila asubuhi, "Vipi, kasemaje?" nami nikaibeba haraka yake mpaka mlangoni kwa mtu ambaye hakuwa na haraka yoyote.

Siku hizi namwambia mnunuzi kabla ya kuanza: jibu la nyumba ya urithi Lamu laweza kuchukua mwaka, na laweza kuwa la. Namwonyesha nyumba nyingine mbili tatu zilizo sokoni tayari. Akitaka ile moja tu, na aitake wiki hii, simchukui.

Uliza pia kama kuna dalali mwingine. Mara nyingi mnunuzi mmoja huwapa kazi watu watano, nao wote humwendea mzee mmoja ndani ya wiki. Kila mmoja anaona amebisha mara moja, mzee amehesabu hodi tano. Mwenye nyumba akikwambia yuko mtu anazungumza naye, rudi nyuma. Dini imetukataza kununua juu ya ununuzi wa ndugu yetu.

Uvumilivu una malipo yake, lakini ukiwa umealikwa. Kuna nyumba ya Mkomani yenye warithi tisa niliyoifuata miaka miwili na nusu. Daftari linaonyesha nilikwenda au kuandika mara kumi na moja. Mara saba kati ya hizo bei haikutajwa kabisa: nilipeleka nakala ya upekuzi, nilieleza utaratibu wa Kadhi, nilimpokea ndugu yao gatini akitoka Oman. Kila mara waliniambia wenyewe lini nirudi. Kwa mtu wa nje, mara kumi na moja ni usumbufu mkubwa. Kwao nilikuwa kijana aliyekuja siku alizoitwa.

Hatua ya tisa: ukishakosea

Kama tayari umemkera mtu, usiende kuomba radhi kwa kubisha tena. Tuma mtu. Mimi nilimtuma yule mwanawe: "Mwambie Mzee nimekosa, sitamuuliza tena habari ya nyumba, na mnunuzi nimemwambia hivyo." Kisha nilibadili njia yangu ya alasiri kwa miezi kadhaa, nikipita ufuoni badala ya mbele ya nyumba yake, mpaka nikasikia amerudi barazani.

Hatua ya mwisho: kufunga ukurasa, na simu ikija

Baada ya hodi ya tatu isiyojibiwa, mwandikie mwenye mali maneno haya au yanayofanana nayo: "Mzee wetu, hili ndilo neno langu la mwisho juu ya jambo lile. Nimemwambia mnunuzi atafute kwingine. Asante kwa kunivumilia. Nambari yangu mnayo." Kisha timiza. Mwambie mnunuzi kweli atafute kwingine, na uandike "imefungwa" kwenye daftari.

Wengine hupiga simu baada ya mwaka au zaidi. Siku hiyo usimchukue mnunuzi ukakimbia naye. Nenda peke yako, mikono mitupu, keti, kunywa kahawa ukipewa, na uulize kwanza nini kimebadilika. Huenda kuna mgonjwa wa kupelekwa Mombasa, na anachohitaji si kuuza nyumba nzima bali kupangisha ghorofa ya juu. Kama ni hivyo, mtafutie mpangaji.